Babu Leiza, Fundi wa Kupishoki

Kabla hujashika mkasi, choma uzi.

Mnacheka, najua. Mnasema siku hizi lebo imeandikwa kila kitu, sufu kiasi gani, polista kiasi gani. Haya. Lebo inazungumzia kitambaa cha nje. Kilicho ndani ya kola nani amewaandikia? Fumua chini ya kola, sentimita mbili tu, uchomoe uzi mmoja wa kile kitambaa kigumu kinachoizuia kola isilale, uuwashe kwa kiberiti. Ukinuka nywele zilizoungua na kujikunja kidonge cheusi, ni sufu. Ukiwaka kama karatasi na kuacha majivu mepesi, ni kitani au pamba. Nimeifanya kazi hiyo miaka thelathini na mitatu katika duka jembamba pale sokoni Walthamstow, kati ya muuza samaki na muuza kava za simu, na sijaiamini lebo hata siku moja.

Nawaandikia nyinyi wajukuu zangu na wenzenu mlioanza kupenda cherehani baada ya kuona video kwenye simu. Kiswahili mnakielewa, ila mtu akiwasemesha mnamjibu Kiingereza. Sawa. Kusoma hakutaki majibu.

Aliyenifundisha kuchoma uzi ni Babu Leiza, baba yake mama yangu. Alikuwa Myahudi wa Lituania. Aliletwa hapahapa London akiwa mtoto, pamoja na kaka yake Hirshi, wakakulia kwenye vyumba vya mafundi kule Whitechapel, watu kumi chumba kimoja na pasi ya makaa katikati. Alipokuwa kijana akasikia Tanga kuna wazungu wa mkonge wasio na fundi wa makoti, akapanda meli. Kufika, akakuta wazungu wa mkonge wanavaa kaptula. Hebu fikirieni, mtu amebeba majora mawili ya sufu mpaka Tanga. Hata hivyo hakurudi. Alishona hizo kaptula, akashona suruali za makarani na majoho ya wanakwaya, akamwoa bibi yangu Elizabeti, Mbondei wa Muheza, na mji mzima ukamwita Mzungu Cherehani.

Kiswahili alikipenda ila ngeli zilimshinda. Kila kitu kwake kilikuwa "hii". Hii mtoto, hii maji, hii Mungu. Ukimsahihisha anakutazama juu ya miwani na kukuuliza kama tundu la kifungo umelimaliza.

Siku moja, nina miaka kumi na miwili hivi, alinipa kola ya koti la mwalimu wa kwaya niitie kanvasi, kile kigumu cha ndani. Kanvasi ikanipungukia. Pembeni palikuwa na kipande cha kitani, kigumu, kizuri, nikakikata nikakitia. Nilijiona nimeshakuwa fundi. Babu akaja, akaishika ile kola kwa kidole gumba, hakuitazama hata kuitazama.

"Hii nini?"

"Kitambaa, Babu."

"Kitambaa gani?"

"Kigumu."

Akachukua wembe akaifumua kola yote, mwenye koti amesimama palepale na shati lake akisubiri kwenda kanisani. Nililia kwa aibu. Babu alipomaliza akakaa chini karibu yangu, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, maana magoti yalimsumbua.

"Sufu iko peke yake," akasema. "Kitani iko peke yake. Koti moja, hapana."

"Kwa nini?"

"Mungu ya babu yangu amesema. Mimi kanisani sikwendi. Sinagogi Tanga hakuna. Jumamosi mimi nashona, nyama nakula ile bibi yako anapika. Mengine yote imekwisha kwa meli. Hii moja naweza. Basi nafanya hii moja."

Sikuielewa siku ile. Nilichoelewa ni kwamba kitani sitii tena.

Ule ukaguzi wa kola aliuita kwa neno la kwao, shatinezi. Sisi nyumbani tukaligeuza tulivyotaka. "Ushalishatinezi hilo koti?" Mama, ambaye hakushona, akalipeleka jikoni: mchele wa sokoni lazima uushatinezi kwanza, mawe ni mengi. Mjomba akiposa, bibi anauliza kama huyo binti ameshashatineziwa. Mimi nilikua nikiamini hicho ni Kiingereza safi.

Sasa nikaja London, mtu mzima, na ufundi wangu mkononi. Duka lilikuwa la Madamu Eleni, Mkiprosi, mwanamke wa haki ila mwenye sauti ya kuvunja vikombe. Siku ya kwanza akanipa koti la sufu nilipunguze mikono. Nikalimaliza, nikamletea kwa majivuno, nikamwambia kwa Kiingereza changu kwamba koti liko tayari na kola nimeshaishatinezi. Madamu akaliweka koti chini polepole. Alidhani nimelimwagia kitu. Akalinusa. Akaligeuza bitana nje. Mimi nikarudia kwa sauti zaidi, nikiamini hasikii vizuri. Mwisho akaniuliza kama nataka kwenda msalani.

Nilimdharau, nawaambia kweli. Nilijiambia fundi gani huyu wa Ulaya asiyejua hata shatinezi. Nilikaa na dharau hiyo wiki nzima mpaka mwenzangu wa pasi aliponihakikishia kwamba neno hilo katika Kiingereza halipo. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto.

Lakini msije mkadhani London hakuna wanaokuelewa. Hilo nalo lilinifunza adabu. Alikuja mama mmoja wa Kihindi kutoka Neasden, na blauzi ya harusi ya hariri, anataka itanuliwe. Nikampima, huku nikimwambia mwenzangu wa pasi, Mkongo wa Bukavu, kwa Kiswahili, kwamba kiuno cha mama huyu kimehama bila kuacha anwani. Yule mama akageuka akasema, "Kimehamia mbele, mwanangu, andika hapo inchi arobaini na mbili." Kazaliwa Tanga, barabara ya nane, Ngamiani. Babake alinunua suruali kwa Babu Leiza. Tangu siku ile nikiwa na futi kamba shingoni sisemi la mtu kwa lugha yoyote.

Nimewaahidi habari za Babu na nimeingia kwenye viuno. Nirudi.

Mama yangu alikuwa na kidonda chake. Kwetu mtu ana upande wa baba na upande wa mama. Upande wa bibi Elizabeti walijaa nyumba. Upande wa baba yake alikuwa Babu mwenyewe, basi. Siku ya harusi ya mama, mkeka waliotandikiwa watu wa upande wa baba aliukalia Babu peke yake, na suti yake, katikati. Watu walicheka kidogo, si kwa ubaya. Mama hakucheka. Na alijua kwamba kila mwaka Babu aliandika barua kwa kaka yake Hirshi huku London, na kila mwaka hapakuja jibu. Aliandika mpaka mwaka aliokufa.

Kwa hiyo nilipoondoka mama hakuniomba redio wala viatu. Alisema, "Mtafute baba mkubwa. Kama amekufa, watafute watoto wake. Nataka kujua kwa nini hawakutujibu. Kama hatukuwa watu kwao, niambiwe." Na kila nikipiga simu Muheza, kabla ya salamu kwisha, "Umewaona?" Kama vile London ni Muheza, unasimama stendi na kuuliza nyumba ya fulani. Alikuwa anazeeka, na mimi nilikuwa sijui hata pa kuanzia. Miaka ishirini nilimjibu bado, mama, bado.

Ikaja asubuhi moja ya baridi, mzee mmoja Myahudi wa Stamford Hill akaingia dukani. Ndevu nyeupe, kofia nyeusi, koti refu jeusi. Tuseme jina lake Mzee Mendeli. Nikampa mkono, akauweka wake kifuani akainamisha kichwa. Nikasema sawa, kama masheikh wa kwetu, mkono wa mwanamke hawapokei. Alitaka kubadilishiwa bitana ya koti. Nikaligeuza koti, na kwa mazoea, nikinong'ona mwenyewe kwa Kiswahili, nikasema, "Ngoja kwanza niishatinezi kola hii."

Mzee akashika meza.

"Umesema nini?" akaniuliza kwa Kiingereza.

Nikaomba radhi. Nikamwambia ni neno la nyumbani, lisimtie wasiwasi, maana yake kuangalia kama kuna kitani kwenye sufu.

"Najua maana yake," akasema. "Nataka kujua wewe umelipata wapi."

Nilimweleza habari za Babu, naye alisikiliza amesimama, maana kiti alikikataa. Akauliza jina la ukoo. Nikamwambia Shinaida. Akacheka mpaka akakohoa. "Mama, Shinaida kwa lugha yetu maana yake fundi cherehani. Umeniambia unamtafuta fundi aitwaye Fundi, katika London." Akauliza mji waliotoka. Hapo nikakwama. Palepale nikampigia mama simu, nikamuuliza Babu alisema katoka wapi. Mama hakufikiri hata sekunde. "Kupishoki. Sisi tulikuwa tunamtania, Baba kupisha nani tena?"

Nikamtamkia mzee. Hakucheka. Alisema Kupishoki ni mji mdogo, na watu wake waliokuja London walijuana wote, walikuwa na chama chao cha kuzikana. Akaondoka. Baada ya wiki sita akarudi kuchukua koti lake na kunipa karatasi yenye namba ya simu ya mwanamke aitwaye Ruti, binti wa Hirshi, anakaa Ilford. "Ana miaka sabini na saba," akasema. "Usichelewe."

Nilikwenda Jumatano, na keki ya dukani, maana sikujua watu hawa wanakula nini. Alifungua mlango mwanamke mfupi sana, kimo chake kinanifika kwapani, na pua ya Babu usoni. Ile pua yenyewe. Nilisahau salamu zote. Akaniuliza aniite nani na mimi nimwite nani. Nikamwambia kwetu wewe ni mama mkubwa wangu, na nikamfasiria, mama aliye mkubwa. Akajitazama kuanzia kifuani mpaka miguuni akasema ni mara ya kwanza kupewa cheo hicho.

Basi nikauliza. Sikuzunguka. Nikasema mama yangu anataka kujua kwa nini barua hazikujibiwa.

Mama mkubwa Ruti akakaa. Akasema alikuwa mtoto wa miaka sita. Barua ikaja ina picha, baba yake mdogo amesimama na mwanamke wa Kiafrika, na nyuma imeandikwa kwamba wamefunga ndoa. "Baba akaisoma mara mbili," akasema. "Kisha akashika ukosi wa koti lake, upande wa kulia, akauchana. Alikuwa fundi. Sijawahi kumwona akiharibu hata uzi."

Akanieleza kwamba zamani kwao, kwa baadhi ya watu, mtu akioa nje ya dini alihesabiwa amekufa. Wakafunika vioo. Wakakaa kwenye vibao vifupi siku saba. Majirani wakaleta mayai ya kuchemsha. Barua zilizofuata baba yake alizichoma jikoni bila kuzifungua, na siku hiyo hasemi na mtu. Kisha ikaja vita kuu ya pili, na Wayahudi waliobaki Kupishoki wakauawa wote, wazee na watoto, hata wa kumuuliza habari akakosekana. "Katika ukoo mzima tulibaki sisi hapa na nyinyi kule," akasema. "Baba alilijua hilo. Na bado hakuandika."

Akaingia chumbani akatoka na koti. Jeusi, zito, kazi nzuri ajabu, mishono huioni. Na ukosi wa kulia umechanika kama shubiri moja, umeshikizwa kwa nyuzi za bandi tu, zile ndefu za kushikiza kwa muda. Akasema koti lililochanwa kwa msiba wa ndugu, sheria yao inaruhusu kulishona baada ya siku thelathini. Baba yake hakulishona mpaka alipokufa.

Nilimshukuru nikaondoka. Keki sikuigusa. Ndani ya treni nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, na hata sasa nikiandika naisikia. Babu yangu alikaa na sindano yake Tanga miaka arobaini akiwaandikia watu waliokwisha kumzika. Nitamwambiaje mama? Nikaamua nitamdanganya. Sioni haya kusema. Nilidhani nitamsaidia.

Jumapili nikapiga.

"Umewaona?"

"Nimewaona, mama. Barua zilipotea. Unajua posta za zamani."

"Barua za miaka arobaini, Tabitha?"

Hata nilipokuwa mtoto sikuweza kumdanganya mara mbili. Nikamwambia yote, picha, vioo, vibao, barua motoni.

"Mama?"

"Nipo. Walikaa siku ngapi?"

"Saba."

"Chini?"

"Chini."

"Na majirani walikwenda?"

"Walileta mayai."

"Na nguo aliichana mwenyewe, fundi mzima."

"Ndiyo, mama."

Akavuta pumzi. "Hayo ni matanga, Tabitha. Wewe umeshaona wapi mgeni akakaliwa matanga? Mimi maisha yangu yote nilidhani tulikuwa si chochote. Kumbe walimlilia baba yangu siku saba."

"Mama, walimlilia yuko hai. Alikuwa anashona kaptula."

"Walimkosea. Nani kasema hawakumkosea? Huyo baba mkubwa ningemkuta hai ningemwambia la rohoni mwangu na asingelala. Lakini hawakumsahau. Mtu uliyemsahau huna haja ya kumchania nguo." Kisha akauliza, "Hilo koti, unasema mpaka leo lina bandi?"

"Mpaka leo."

"Basi matanga hayajaondolewa. Watu wamo matangani miaka sabini, na wewe umekaa hapo na sindano. Wewe ni fundi au muuza vitumbua? Nenda kayaondoe."

Nikampigia Ruti. Nilimwambia mama anasema nini, na ilinichukua muda kumfasiria kuondoa matanga, kwamba kwetu kilio kina siku yake ya kufungwa, watu wakala, wakarudi kazini. Akasema, "Siku thelathini nadhani zimeshapita." Nikamsikia analia na kucheka.

Sikilizeni basi jinsi ya kufuma mchaniko wa sufu ya zamani, maana hili hamtalipata kwenye video. Uzi wa dukani usitumie, rangi haitakubali. Fungua upindo wa ndani wa koti lenyewe, pale ambapo jua halijafika, uchomoe nyuzi humo. Unafuma kwa uzi wa koti hilohilo, mmoja juu, mmoja chini, bila kuvuta. Pasi baadaye, na kitambaa chenye unyevu juu yake. Mchaniko wa shubiri moja ni kazi ya saa mbili kwa mtu ambaye macho yake ni makavu. Mimi nilitumia mchana mzima mezani kwa Ruti, na yeye amekaa mbele yangu akinipitishia nyuzi kwenye sindano.

Simu niliiweka mezani, sauti ya juu, kwa amri ya mama. Alikuwa kwake Muheza, nasikia kuku. Kila robo saa anauliza nimefika wapi, namwambia nusu, namwambia robo imebaki, Ruti ananiuliza anasema nini, namfasiria. Nilipomaliza nikalipiga pasi, nikalitundika kwenye mlango. Ruti akapitisha kidole kwenye ukosi, akarudia, akautafuta mchaniko asiuone.

"Tabitha," mama akaita. "Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Haya. Mpe simu ndugu yangu."